Hita ya Maji Isiyozimika ni Hatari Kuliko Isiyopasha
Namna ya kutambua makosa ya nyaya yaliyofanywa na vishoka, na hatua ambazo mkazi anapaswa kuchukua

Kuanzia mwezi Juni hadi Agosti kila mwaka, baridi ya nyanda za juu kusini huwa kali. Katika uwanda wa Kitulo na maeneo jirani ya Makete na Njombe, umande huweza kuganda juu ya majani alfajiri, na maji yanayotoka kwenye simtanki lililo nje ya nyumba hutia vidole ganzi. Ni katika miezi hiyo ambapo hita ya maji hutumika kuliko wakati mwingine wowote, na ni katika miezi hiyo hiyo ambapo kasoro zilizojificha ndani ya nyaya zake hujitokeza.

Kasoro nyingi za aina hii chanzo chake si kiwandani. Hita hufungwa, au hufunguliwa na kurekebishwa, na mtu asiye na leseni, yule ambaye wananchi humwita kishoka. Wakati mwingine ni mwenye nyumba mwenyewe aliyeazima bisibisi na testa ili kuokoa gharama. Matokeo yake huwa ya namna mbili. Ama hita hukataa kupasha maji, ama hupasha bila kukoma. Watu hulalamikia sana hali ya kwanza, ilhali ya pili ndiyo inayoua. Makala haya yanaeleza dalili za kila kosa, mambo ambayo mkazi anaweza kuyachunguza bila kufungua kifaa, na mambo ambayo ni lazima ayaache mikononi mwa fundi mwenye leseni.

Hita inavyofanya kazi

Hita ya tangi ina sehemu nne muhimu. Ya kwanza ni tangi lenyewe, ambalo hupokea maji ya baridi upande wa chini na kutoa ya moto kutoka upande wa juu. Ya pili ni koili, ambayo hugeuza umeme kuwa joto. Ya tatu ni themostati, yaani kidhibiti joto, ambacho hupima joto la maji na kukata umeme unaokwenda kwenye koili pindi maji yanapofikia kiwango kilichowekwa, aghalabu nyuzijoto 60 za Selsiasi. Maji yakipoa, kidhibiti hicho huurudisha umeme. Ya nne ni vilinzi, navyo ni viwili: kikata joto la kupindukia, ambacho huzima hita endapo themostati itashindwa kazi, na valvu ya usalama, ambayo hutoa maji nje shinikizo linapozidi ndani ya tangi.

Umeme hufika kwenye hita kwa nyaya tatu: waya wa moto, waya wa nyutro na waya wa ardhi. Hapa ndipo mkanganyiko wa kwanza huanzia. Nyumba zilizofungwa nyaya kwa utaratibu wa zamani zina waya mwekundu kwa moto na mweusi kwa nyutro. Vifaa vya sasa huja na waya wa kahawia kwa moto na wa buluu kwa nyutro. Waya wa ardhi ni wa kijani, au wa kijani na njano. Mtu anayebahatisha rangi badala ya kupima huweza kubadilishana nyaya hizo pasipo kujua, na hita ikaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichoharibika.

Makosa yanayofanyika mara kwa mara

Kosa la kwanza na la hatari kuliko yote ni kuiruka themostati. Kidhibiti kinapoharibika, au kikata joto kinapozima hita mara kwa mara, kishoka huunganisha waya wa moto moja kwa moja kwenye koili. Maji hupata moto tena, mwenye nyumba hulipa, na kila mtu hudhani kazi imekwisha. Kumbe kilichoondolewa ni breki. Koili itaendelea kuwaka muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata maji yakiwa yamekwisha kuchemka.

Kosa la pili ni kuweka swichi au themostati kwenye waya wa nyutro badala ya waya wa moto. Swichi ikizimwa, koili huacha kupasha, lakini umeme unabaki umesimama ndani yake. Koili ikiwa na ufa, umeme huo huvuja kwenye maji ingawa taa ya swichi inaonesha kuwa hita imezimwa.

Kosa la tatu linahusu waya wa ardhi. Wapo wanaouacha ukining'inia, wapo wanaoukata, na wapo wanaouunganisha na nyutro. Waya wa ardhi unapaswa kwenda hadi kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini, ili umeme ukivuja upate njia ya kupita na kifaa cha ulinzi kiukate. Ukiunganishwa na nyutro, kisha nyutro hiyo ikakatika mahali popote, bati la hita na mabomba ya chuma huweza kubeba umeme wa volti 230.

Kosa la nne ni waya mwembamba na maungio mabovu. Hita ya wati 2,000 huvuta takribani ampea 8.7. Hita ndogo ya kuogea inayopasha maji papo kwa papo, yenye wati 5,500, huvuta karibu ampea 24. Plagi ya kawaida imetengenezwa kwa ampea 13 tu. Waya wa redio au wa taa uliosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa tepu nyeusi hauwezi kustahimili mzigo huo. Huota moto polepole ndani ya ukuta au juu ya dari ya mbao.

Kosa la tano si la umeme, ila huathiri umeme. Ni kubadilisha mabomba, la maji baridi likawekwa mahali pa maji ya moto. Hita ya namna hiyo hutoa maji ya moto kidogo kisha baridi. Zaidi ya hayo, maji ya bomba yakikatika, tangi huweza kujimwaga lote na kuiacha koili ikiwaka bila maji, ikaungua kwa muda mfupi.

Mita ya LUKU kama shahidi

Mkazi hahitaji kufungua hita ili kujua kama themostati inafanya kazi. Mita ya LUKU humpa jibu. Mita nyingi zina taa ndogo inayopepesa, na kadiri umeme mwingi unavyotumika ndivyo inavyopepesa kwa kasi zaidi.

Azime vifaa vyote vya nyumbani isipokuwa hita. Ahakikishe kwanza kuwa bomba la maji ya moto linatoa maji, ili tangi lisiwe tupu. Kisha awashe hita na kuitazama taa ya mita. Kwa tangi la lita 50 lenye koili ya wati 1,500, kupasha maji kutoka nyuzijoto 15 hadi 60 huhitaji takribani uniti 2.6 na muda wa karibu saa moja na dakika 45. Baada ya muda huo, bila mtu kutumia maji, taa ya mita inapaswa kutulia, kwa maana themostati imekata umeme.

Matokeo ya kipimo hiki ni matatu. Taa ikiongeza kasi kisha ikatulia, themostati inafanya kazi. Taa isipoongeza kasi tangu mwanzo, umeme haufiki kwenye koili, au koili imekatika. Taa ikiendelea kupepesa kwa kasi ileile baada ya saa tatu, hita hiyo haina kidhibiti kinachofanya kazi na izimwe mara moja.

Kusoma dalili

Maji hayapati moto kabisa. Iangaliwe kwanza breka ya hita kwenye boksi la umeme, kisha uniti za LUKU, kisha swichi. Taa ya hita kuwaka si ushahidi kwamba koili inapokea umeme, kwani vishoka wengine huiunganisha taa hiyo kabla ya themostati. Ikiwa mita haioneshi matumizi, sababu huwa ni kikata joto kilichojifyatua, themostati iliyokufa, waya uliochomoka au koili iliyoungua. Kikata joto kina kitufe kidogo chini ya kifuniko cha hita. Kukibonyeza tena na tena bila kutafuta sababu ya kujifyatua kwake ni sawa na kumziba mdomo mlinzi anayepiga kelele.

Maji huwa vuguvugu tu. Si kila hita ya namna hii ni mbovu. Huenda themostati imewekwa kiwango cha chini, au tangi ni dogo kuliko idadi ya watu wanaooga. Ipo pia sababu ambayo wengi hawaifahamu: umeme hafifu. Nguvu ya koili hushuka haraka kuliko volti. Nyumba iliyo mbali na transfoma ikipata volti 184 badala ya 230 wakati wa jioni, koili ya wati 2,000 hutoa takribani wati 1,280 tu, na muda wa kupasha maji huongezeka kwa zaidi ya nusu. Kama maji hupata moto vizuri mchana lakini jioni huwa vuguvugu, na taa za nyumbani nazo hufifia, taarifa ipelekwe TANESCO kabla ya mtu yeyote kugusa themostati.

Maji huchemka, bomba hutoa mvuke, au uniti huisha upesi. Hii ndiyo dalili ya themostati iliyorukwa, iliyoganda, au ambayo kijiti chake cha kupimia joto hakikuingizwa vizuri mahali pake. Koili ya wati 2,000 ikiwaka saa 24 hula uniti 48. Familia iliyozoea kutumia uniti 75 kwa mwezi mzima itazimaliza ndani ya siku mbili. Hata hivyo, hasara ya uniti ni ndogo ikilinganishwa na hatari yenyewe. Maji ya nyuzijoto 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa takribani sekunde 5, na ngozi ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Maji yanayokaribia kuchemka huunguza papo hapo.

Hatari kubwa zaidi imo ndani ya tangi lililofungwa. Maji yaliyo chini ya shinikizo huweza kupita kiwango cha kuchemka bila kuchemka. Tangi likipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke ghafla, na mvuke huchukua nafasi takribani mara 1,600 ya maji yaliyouzaa. Nguvu hiyo huweza kuangusha ukuta. Ndiyo maana valvu ya usalama haipaswi kuzibwa, hata kama inadondosha maji na kulowesha sakafu. Valvu inayotoa maji ya moto mfululizo inatoa taarifa ya hatari.

Breka hukatika kila hita inapowashwa. Breka ikikatika papo hapo, pengine koili inavujisha umeme au nyaya zimegusana. Ikikatika baada ya dakika kadhaa, mzigo ni mkubwa kuliko uwezo wake au maungio yamelegea na kupata moto. Kuweka breka kubwa zaidi ili isikatike ni kosa, kwa kuwa breka huulinda waya. Ikishakuwa kubwa kuliko waya, waya ndio utakaoungua kwanza.

Bomba au maji hupiga shoti. Hata mtekenyo mdogo wa vidole ni onyo kamili. Umeme unavuja na njia yake ya kwenda ardhini haipo. Wakazi wasijidanganye kwamba mabomba ya plastiki yanawalinda, kwani maji yenyewe hupitisha umeme. Swichi kuu izimwe, mtu yeyote asioge, na hita isiwashwe tena hata kwa majaribio.

Plagi au soketi huwa ya moto, hubadilika rangi au hunuka. Hapo maungio yamelegea au waya ni mwembamba. Hita izimwe na isitumike hadi ifungiwe laini yake yenyewe kutoka kwenye boksi, yenye breka na waya unaolingana na mzigo wake.

Mipaka ya mkazi na ya fundi

Mkazi anaweza kusoma mita, kutazama breka, kugusa plagi kwa mgongo wa kiganja baada ya kuizima, kusikiliza sauti ya tangi, na kuzima swichi kuu. Asifungue kifuniko cha hita. Swichi ya hita iliyozimwa si hakikisho kwamba nyaya zilizo ndani hazina umeme, hasa pale swichi ilipowekwa kwenye nyutro. Testa ya bisibisi nayo haitoshi kuthibitisha usalama.

Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, kazi za ufungaji wa nyaya hufanywa na watu wenye leseni, na leseni hizo hutolewa na EWURA kwa madaraja kulingana na ujuzi. Cheti cha VETA ni ushahidi wa mafunzo, lakini hakichukui nafasi ya leseni. Si utovu wa adabu kumwomba fundi aoneshe leseni yake kabla hajapanda ngazi, na fundi halali hataona haya kuionesha.

Wakazi wengi hudhani kwamba hitilafu yoyote ya umeme ni jukumu la TANESCO. Jukumu la shirika hilo huishia kwenye mita. Nyaya zinazoanzia hapo kuingia ndani ni mali na wajibu wa mwenye nyumba. Kwa nyumba za kupanga, mpangaji ampe mwenye nyumba taarifa mapema, ikiwezekana kwa maandishi, na wote wawili wakubaliane kuhusu fundi kabla hita haijafunguliwa.

Fundi akimaliza kazi, mwenye nyumba amwombe athibitishe mambo matano mbele yake: kwamba themostati ipo na inakata umeme, kwamba swichi inakata waya wa moto na nyutro kwa pamoja, kwamba waya wa ardhi umefika kwenye fimbo, kwamba valvu ya usalama iko wazi, na kwamba kipo kifaa kinachokata umeme unapovuja, ambacho mafundi hukiita RCD. Kipimo cha mita kilichoelezwa hapo juu kirudiwe kabla fundi hajaondoka. Risiti nayo ihifadhiwe.

Hita ikiwa imezimwa

Kuzima hita mbovu mwezi Julai si jambo jepesi, hususan penye mtoto mchanga au mzee. Maji yachemshwe jikoni kwa njia ya kawaida, kisha yachanganywe kwenye ndoo kwa kutangulia kuweka ya baridi na kuongeza ya moto, si kinyume chake. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa ajili ya kuota moto wakati wa kulala. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua familia nzima ikiwa usingizini. Mkaa usio na moshi bado una hewa hiyo.

Pale ajali inapotokea

Mtu akinaswa na umeme, asiguswe. Swichi kuu izimwe kwanza. Isipofikika, atenganishwe na umeme kwa kutumia mti mkavu au kitu kingine kisichopitisha umeme, huku mwokoaji akiwa amesimama mahali pakavu. Baada ya hapo apelekwe kituo cha afya hata kama anaonekana mzima, kwa sababu mapigo ya moyo huweza kuvurugika baadaye.

Aliyeungua kwa maji ya moto apoozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, mafuta, yai wala unga. Kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi, kisha awahishwe hospitali.

Moto ukitokea, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114. Hitilafu za umeme upande wa mita na nguzo hupokelewa na TANESCO kwa namba 180. Taarifa za watu wanaofanya kazi za umeme bila leseni zifikishwe kwa mtendaji wa kijiji au wa kata.

Kwa wakazi ambao hita zao zimewahi kufunguliwa na mtu wasiyemjua vizuri, kazi ya kuanza nayo leo jioni ni moja. Wazime vifaa vingine vyote, waiwashe hita, na waitazame taa ya mita hadi itulie. Isipotulia, swichi kuu izimwe na fundi mwenye leseni aitwe kabla ya mtu yeyote kuoga.